Simu Inayoimba Bila Mwimbaji

Mwezi mmoja na nusu kabla ya mtihani wa kidato cha nne, mwalimu mmoja wa sekondari ambaye nilipata kumfundisha chuoni alinijia ofisini akifuatana na mwanafunzi wake. Kijana huyo haoni vizuri. Maandishi ya kawaida ya kitabu hawezi kuyasoma hata akiyasogeza karibu na pua. Kwa idhini ya mkuu wa shule yake anaruhusiwa kuwa na simu, nayo ndiyo daftari lake na ndiyo kitabu chake. Ndani yake mna sauti za masomo ya miaka miwili alizozinasa darasani, na pia programu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Darasani, na wakati wa kujisomea usiku, hutumia visikizio vya masikioni, vile ambavyo vijana huviita eafoni, ili asiwasumbue wenziwe.

"Shikamoo Mwalimu," alisema. "Simu yangu inaimba, lakini mwimbaji hayupo. Na mimi hainisomei kabisa."

Nilidhani anafanya mzaha. Alinieleza kwamba akisikiliza taarabu kwa visikizio, husikia fidla na ngoma kwa mbali, kana kwamba zinapigwa ndani ya pipa, bali sauti ya mwimbaji haipo. Programu ya kusoma nayo kimya. Akichomoa visikizio, kila kitu husikika barabara kwa spika ya simu yenyewe. Fundi waliyempelekea alikuwa amekwisha kukata shauri: programu imeharibika, na dawa yake ni kuifuta simu yote na kuianza upya. Kazi hiyo ilipangwa kufanyika kesho yake. Masomo ya miaka miwili hayakuwa na nakala mahali pengine popote.

Hukumu ya fundi haikuwa ya kijinga. Chombo kikicheza muziki na kukataa kusoma, ni rahisi kudhani kwamba kilichoharibika ni ile sehemu inayosoma. Lakini kutoweka kwa mwimbaji na kunyamaza kwa programu vilikuwa ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo haukuwa ndani ya programu. Ili tuone kwa nini, hapana budi kwanza tulitazame tundu lenyewe.

Plagi ya visikizio ina umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1878 kituo cha kwanza cha simu cha kibiashara kilifunguliwa katika mji wa New Haven, Marekani, na muda si mrefu wahudumu wa vituo vya namna hiyo wakawa wanaunganisha wateja kwa kuchomeka plagi katika matundu yaliyopangwa ubaoni. Jina la "jeki" ambalo mafundi wetu huliita tundu hilo latokana na kisu cha kukunja, kwa kuwa swichi aliyoibuni Charles Scribner, mhandisi wa Chicago, ilifanana na kisu hicho. Plagi ya wakati ule, yenye kipenyo cha milimita 6.35, bado inatumika kwenye magitaa ya umeme. Ndugu yake mdogo wa milimita 3.5 alienea pamoja na redio za transista, na baada ya Walkman ya Sony kutoka mwaka 1979 akaingia mifukoni mwa vijana duniani kote. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016, iPhone 7 ilipotolewa bila tundu hilo, watengenezaji wengi wamelifuta katika simu zao za bei kubwa. Hata hivyo simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu bado zinalo.

Chukua plagi ya visikizio vyenye maikrofoni uitazame kwa makini. Utaona mistari mitatu myeusi au myeupe inayoizunguka. Mistari hiyo ni plastiki, isiyopitisha umeme, nayo inaigawa plagi katika sehemu nne za metali: ncha, pete ya kwanza, pete ya pili na shina. Katika mpango unaotumika kwenye simu nyingi za siku hizi, ncha hupeleka umeme wa sauti kwenye spika ndogo ya sikio la kushoto, na pete ya kwanza kwenye sikio la kulia. Pete ya pili ni njia ya kurudia: umeme uliokwenda kushoto na ule uliokwenda kulia hurudi kwenye simu kwa waya huo mmoja. Shina ni la maikrofoni. Ndani ya tundu mna ndimi nyembamba za metali zenye tabia ya springi, na kila ulimi hubonyea juu ya sehemu yake ya plagi. Urefu wa plagi yote inayoingia tunduni ni kama milimita 14, na katika nafasi hiyo ndogo lazima kila ulimi uangukie mahali pake.

Sasa tuseme ulimi wa njia ya kurudia haugusi. Je, sauti zote zitakatika? Wanafunzi wengi niliowauliza swali hili hujibu ndiyo, kwa kuwa wamefundishwa kwamba umeme hautembei pasipo mzunguko uliokamilika. Kanuni hiyo ni sahihi, bali jibu ni kosa, maana mzunguko mwingine bado upo. Umeme unaweza kutoka upande wa kushoto wa simu, ukapita katika spika ya kushoto, ukafika pale spika mbili zinapokutana, kisha badala ya kurudi nyumbani kwa njia yake ya kawaida ukapita katika spika ya kulia na kurudi simuni kwa njia ya kulia. Spika mbili zimekuwa katika mfuatano. Kinachousukuma mkondo katika mzunguko huu mpya si volteji ya kushoto wala ya kulia, bali ni tofauti baina yao.

Hapo ndipo mwimbaji anapotoweka. Wanaporekodi muziki wa stirio, mafundi wa studio aghalabu humweka mwimbaji katikati, yaani sauti yake hupelekwa kushoto na kulia kwa kiasi kilekile na kwa wakati uleule. Kwa sauti hiyo tofauti baina ya pande mbili ni sifuri, hivyo mkondo ni sifuri, na masikio hayapati kitu. Fidla iliyowekwa zaidi upande mmoja, na mwangwi ambao haulingani pande mbili, huacha tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayosikika kama muziki wa ndani ya pipa. Sauti ya programu ya kusoma haina stirio kabisa; ni sauti moja inayopelekwa masikio yote mawili sawasawa. Kwa hiyo yenyewe hufutika yote. Simu ilikuwa inasoma kila neno, ila umeme wa maneno hayo ulikuwa unasukumana pande mbili kwa nguvu sawa, na hapakuwa na upande ulioshinda.

Mwalimu anayetaka kuonyesha jambo hili darasani hahitaji simu. Atafute betri mbili za tochi za volti 1.5, balbu mbili ndogo zinazofanana, na nyaya. Aziunganishe ncha hasi za betri pamoja. Kutoka kwenye ncha chanya ya kila betri apeleke waya kwenye balbu yake, kisha ncha za pili za balbu aziunganishe pamoja. Mwisho aweke waya mmoja kutoka makutano ya balbu hadi makutano ya betri. Huo ndio njia ya kurudia. Balbu zote mbili zitawaka. Akiukata waya huo, zitazimika papo hapo, kwa sababu betri zinasukumana. Huyo ndiye mwimbaji. Kisha ageuze betri moja, chanya iwe mahali pa hasi. Balbu zitawaka kama mwanzo ingawa waya wa kurudia umekatwa, na hata akiurudisha waya huo hautapitisha mkondo wowote. Hiyo ndiyo fidla. Mwishowe aondoe betri moja na kuweka kipande cha waya mahali pake: balbu zote mbili zitawaka kwa ufifi, kwa kuwa sasa zinagawana volti 1.5. Jaribio hili la tatu tutalihitaji baada ya kitambo kidogo.

Aghalabu ulimi hauachi kugusa moja kwa moja. Uchafu au kutu huongeza ukinzani pale unapogusa, na hesabu yake ni nzuri kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Tuseme kila spika ina ukinzani wa omu 32, na ulimi mchafu wa njia ya kurudia nao umefikia omu 32. Kwa sauti ya mwimbaji, mkondo i wapita katika kila spika, na mikondo yote miwili, yaani 2i, wapita katika ulimi mchafu. Basi volteji ya kila upande ni 32i jumlisha 64i, yaani 96i. Ulimi ukiwa safi ingekuwa 32i tu. Maana yake mkondo wa mwimbaji umeshuka hadi theluthi moja, wakati fidla ya pembeni kabisa, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake waweza kupita njia ile nyingine, haikuumia kiasi hicho. Ndiyo sababu mtu mwenye tundu lililoanza kuchafuka husema kwamba muziki "umepoa" na mwimbaji "amerudi nyuma," lakini hawezi kusema hasa kilichoharibika.

Turudi kwa kijana wetu. Dalili ya mwimbaji kutoweka ina sababu tatu zinazowezekana, na hapana budi kuzitenganisha kabla ya kugusa chochote. Yawezekana waya wa kurudia umekatika ndani ya visikizio. Yawezekana tundu ndilo lenye kasoro. Na yawezekana visikizio na simu, vyote vikiwa vizima, havipatani. Hii ya tatu watu wengi hawaijui. Zamani baadhi ya simu, zikiwemo za Nokia na za Sony Ericsson, zilitumia mpango ambamo pete ya pili ni ya maikrofoni na shina ndilo njia ya kurudia, kinyume cha ule nilioueleza, na visikizio vya mpango huo havijatoweka madukani. Ukivichomeka katika simu ya mpango wa sasa, njia ya kurudia hujikuta inapitia kwenye maikrofoni yenye ukinzani wa zaidi ya omu 1,000, na mwimbaji hupotea vilevile. Kuna njia rahisi ya kuligundua hilo: bonyeza na ushikilie kitufe kilichopo kwenye waya wa visikizio. Kitufe hicho huunganisha waya wa maikrofoni na njia ya kurudia moja kwa moja. Mwimbaji akirejea kwa muda wote unaokishikilia, basi hakuna kilichoharibika. Umenunua visikizio vya mpango mwingine.

Tulibonyeza kitufe. Mwimbaji hakurejea.

Kisha tukabadilishana. Visikizio vya kijana tukavichomeka katika simu ya mwalimu wake: vikafanya kazi vizuri. Visikizio vya mwalimu tukavichomeka katika simu ya kijana: kimya. Majaribio haya mawili kwa pamoja yanatosha kumwachilia mtuhumiwa mmoja na kumkamata mwingine, lakini nasisitiza kwamba lazima yawe mawili. Nimeona watu wakijaribu visikizio vingine katika simu yao, vikakataa, wakasema "simu imekufa," kumbe hivyo vingine navyo vilikuwa vibovu. Chombo unachotumia kupimia lazima kwanza kithibitishwe mahali pengine kuwa ni kizima. Mwalimu wangu wa maabara nilikosomea ng'ambo hakukubali kumpa mtu kipimo kingine mpaka aonyeshe daftarini kwamba cha kwanza kilishindwa mahali ambapo kingestahili kufaulu. Wakati huo nilimwona mkaidi.

Kabla hatujaendelea kulitafuta tundu, nilimwomba kijana achomoe visikizio, aingie katika sehemu ya mipangilio ya simu inayohusu watu wenye mahitaji maalumu, na atafute mahali pa kugawanya sauti kati ya kushoto na kulia. Simu nyingi za sasa zinapo. Akausogeza mgawanyo wote kushoto, akachomeka visikizio, na programu ikaanza kumsomea katika masikio yote mawili. Msomaji aliyefuata jaribio la betri moja na kipande cha waya ameshaelewa. Upande wa kulia wa simu sasa ulikuwa umetulia kwenye sifuri, hivyo tofauti ikawapo, na mkondo ukapita katika spika zote mbili kwa mfuatano, nusu ya kiasi chake cha kawaida. Kusikia kwa sikio la kulia sauti iliyopelekwa kushoto peke yake kulithibitisha kwamba njia ya kurudia ndiyo iliyokatika. Zaidi ya hayo, kijana alikuwa na njia ya kusomea hata kama tusingefaulu lolote lingine siku ile. Yafaa kutaja kwamba katika ukurasa huohuo wa mipangilio mna kitufe cha kuchanganya sauti za pande mbili kuwa moja. Kwa mtu mwenye kasoro hii, kukiwasha kitufe hicho hunyamazisha hata fidla.

Sasa tundu. Tulipochomeka plagi tuliona kwamba bega lake halikugusa ubavu wa simu. Palibaki mwanya mdogo. Nilichukua kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, nikakitia taratibu katika tundu la simu ya mwalimu mpaka kikagota, nikakitia alama ya kalamu kwenye mdomo wa tundu. Katika simu ya kijana kiligota kikiwa pungufu kwa milimita 2 hivi. Mulika kwa tochi na utaona: chini ya tundu mna kitu cha kijivu.

Mfuko wa suruali hutoa nyuzi ndogo sana za nguo, nazo huingia katika tundu pamoja na vumbi. Kila mara plagi inapochomekwa huzisukuma ndani na kuzishindilia, kama mtu anayeshindilia tumbaku katika kiko. Baada ya miezi mingi huwa bonge gumu, na plagi haifiki tena mwisho wa safari yake. Milimita 2 ni kiasi kikubwa katika tundu hili. Ulimi wa njia ya kurudia ulikuwa umeangukia ule mstari wa plastiki baina ya pete mbili, wakati ndimi za pande mbili za sauti bado ziligusa metali. Katika simu ya namna nyingine bonge kama hilo lingeweza kukata sikio moja badala ya njia ya kurudia, au kuifanya simu isijue kabisa kwamba kuna plagi.

Tulizima simu. Kwa ncha ya kijiti kile, iliyochongwa ikawa nyembamba zaidi, tulilegeza bonge kutoka ukingoni na kulivuta juu vipande vipande, simu ikiwa imeinamishwa tundu likitazama chini. Ilituchukua kama robo saa. Msitumie sindano wala pini: metali hukwaruza utando mwembamba wa dhahabu au nikeli uliofunika ndimi, huweza kuupinda ulimi usirudi tena, na ikiwa simu haikuzimwa huunganisha sehemu zisizotakiwa kukutana. Msipulize kwa mdomo pia, maana pumzi ya binadamu ina mvuke. Kilichobaki tulikisafisha kwa kijiti kilichofungwa pamba kidogo sana iliyochovywa katika alkoholi safi, ile ambayo mafundi wa elektroniki hutumia; spiriti yenye mafuta au rangi huacha utando. Baada ya kungoja ikauke, tuliwasha simu, kijana akarudisha mgawanyo wa sauti katikati na kuchomeka. Bega la plagi liligusa ubavu wa simu kwa mlio mdogo ambao kijana aliutambua kabla yetu. Programu ikamtajia saa, na kiasi cha betri kilichobaki.

Si kila tundu huwa na ugonjwa wa nyuzi. Katika miji yetu ya pwani adui mkubwa zaidi ni unyevu wenye chumvi, pamoja na jasho la mtu anayetembea na simu mwilini. Ili maikrofoni ifanye kazi, simu huipelekea volteji ndogo ya mkondo mnyoofu, kwa kawaida kati ya volti 1.8 na 2.9, kupitia kikinzo cha omu 2,200 hivi. Volteji hiyo ikikutana na maji ya chumvi baina ya ndimi, hutokea elektrolisisi ileile inayofundishwa katika kemia, na metali ya ulimi huanza kuliwa. Rangi ya kijani ikionekana tunduni, kazi hiyo imekwisha kuanza.

Dalili za unyevu ni za kuchekesha kwa mtazamaji na za kuudhi kwa mwenye simu. Muziki husimama wenyewe, sauti hupanda na kushuka, au simu hupiga namba ambayo hakuna aliyeiomba. Sababu ni kwamba vitufe vya kwenye waya wa visikizio havina nyaya zake. Simu huvitambua kwa kupima ukinzani kwenye njia ya maikrofoni. Katika simu za Android kitufe cha kusimamisha huleta karibu omu sifuri, cha kuongeza sauti omu 240, na cha kupunguza omu 470. Tukichukua volteji ya volti 2.2 na kikinzo cha omu 2,200, na kuiacha maikrofoni pembeni kwa urahisi wa hesabu, wanafunzi watapata kwamba kitufe cha kuongeza sauti huleta volti 0.22 hivi na cha kupunguza volti 0.39. Simu haioni kidole; huona volteji hizo tu. Tone la jasho lenye chumvi lina ukinzani unaobadilika kadiri linavyokauka, na kila linapopita katika mojawapo ya viwango hivyo, simu husadiki kwamba mwenyewe amebonyeza. Dawa ni kulikausha tundu mahali penye hewa inayopita, simu ikiwa imezimwa, siku nzima ikibidi. Kuizika simu ndani ya mchele, kama wafanyavyo wengi, hakuiharakishi kazi hiyo, na vumbi la mchele huongeza tatizo la kwanza.

Kuna dalili nyingine ambayo wazee huilalamikia zaidi ya vijana: redio ya simu imeanza kukwaruza. Simu yenye redio ya FM aghalabu hutumia waya wa visikizio kama eriali. Masafa ya megahezi 100 yana wimbi la mita 3, na eriali ya robo wimbi ni sentimita 75, urefu ambao waya wa visikizio waufikia bila shida. Mawimbi hayo huingia simuni kupitia njia ileile ya kurudia. Ulimi wake ukiwa mchafu, stesheni za mbali hupotea kwanza, hata kabla sikio halijagundua upungufu wowote katika muziki.

Palipo na kasoro ambayo kusafisha hakuiondoi, tazama kama sauti hukatika plagi inapotikiswa ndani ya tundu, au waya unapopindwa karibu na plagi huku plagi yenyewe imeshikwa imara. Ikikatika kwa kupinda waya, nyuzi za shaba zimevunjika ndani ya waya, nalo ni jambo la kununua visikizio vipya. Ikikatika kwa kutikisa plagi, aghalabu lehemu inayoshika tundu kwenye bamba la simu imepasuka: plagi ni wenzo, na kila mara simu inapovutwa mfukoni kwa waya, nguvu yote huishia kwenye vipande vichache vya lehemu vyenye upana usiozidi milimita moja au mbili. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye darubini na mkono uliotulia. Katika simu nyingi tundu limefungwa kwenye bamba dogo la peke yake, ambalo laweza kubadilishwa bila kugusa bamba kuu wala kumbukumbu za simu. Ulizeni hilo kwanza. Ama simu yenye mlango wa USB wa aina ya C huweza mara nyingi kutumia kiunganishi chenye kigeuzi chake cha sauti, na tundu la zamani likaachwa lipumzike.

Kijana alirudi wiki iliyofuata pamoja na mwalimu wake kunakili masomo yote katika kompyuta ya maabara yetu. Lile bonge la kijivu tulikwisha kuliweka chini ya hadubini. Nyuzi nyingi zilikuwa za buluu, rangi ya suruali ya sare ya shule.